Watu Sita kwa Safari Moja

Mwalimu Stephano Kobelo alikuwa na njia yake ya kufundisha nguvu, na waliopita mikononi mwake hawajaisahau mpaka leo, hata wale waliotoka na sifuri. Aliwasimamisha wanafunzi wawili mbele ya darasa wavutane mikono mpaka mabega yawaume, akasema, "Huo ni mvutano." Akamtwisha mwingine vitabu kumi na viwili kichwani, akamuuliza shingo inasemaje, huo ukawa mgandamizo. Akachomoa shuka lililolowa kwenye ndoo, wasichana wawili wakalikamua mmoja huku mwingine kule, maji yakatapakaa sakafuni: msokoto. Rula ndefu akailaza juu ya madawati mawili, akaibonyeza katikati kwa kidole: mpindo. Wa mwisho aliufanya kwa mkasi na kipande cha kadibodi, mara moja tu, maana mkato hauna maneno mengi. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza na mtihani wa Kiingereza, lakini yeye alifundisha kwa Kiswahili, na mkaguzi akibisha hodi alibadili lugha katikati ya sentensi bila kupepesa jicho.

Baada ya nguvu huja usanifu wa vitu. Hapo ndipo alipokuwa anapenda kutembea kati ya madawati, mikono nyuma.

"Kabla hujashika penseli, uliza," alikuwa akisema. "Nani atakitumia? Kwa kazi gani? Na siku gani atakitumia vibaya? Kiti hakivunjwi na anayekikalia vizuri. Huvunjwa na yule anayekipanda kufunga balbu."

Wanafunzi walicheka, wakaandika. Mimi nasema laiti yeye mwenyewe angeandika.

Alizaliwa Lukange, kitongoji kilichoning'inia juu ya Kinole, ng'ambo ya mto. Useremala alifunzwa na mabruda wa misheni, ufundi mitambo akausomea chuoni, kisha akafanya kazi miaka kumi na mmoja katika kiwanda kimoja mjini Morogoro, akizitibu mashine zilizomzidi umri. Yakaja mageuzi. Siku hizo neno hilo lilitamkwa kwa heshima, utadhani jina la mkwe. Kiwanda kikawekwa sokoni, mnunuzi akaja, akakitazama, akaondoka. Akaja mwingine, akanunua paa. Wafanyakazi walipewa barua wakaambiwa wajiajiri, kana kwamba miaka yote hiyo walikuwa wamekaa tu wakingoja ruhusa. Stephano alikuwa na cheti, akapata nafasi ya kufundisha ufundi katika shule moja ya sekondari hapo mjini. Karakana aliyoikuta ilikuwa na tezo mbili, misumeno mitano na mashine ya kukereza isiyo na mkanda. Akashukuru Mungu.

Nyumbani kwake Kichangani alikuwa anaishi na mpwa wake Janeth, mtoto wa dada yake Semeni. Semeni alifiwa na mume mapema, akabaki Lukange analima migomba na tangawizi, na ada ya Janeth ilitoka kichwani mwake: mkungu baada ya mkungu, akiteremka nao hadi Kinole. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Kwa hiyo Janeth alikuwa na bahati au balaa ya kuwa na mtu mmoja mwenye sauti mara mbili. Nyumbani alimwita Mjomba, darasani Mwalimu, na hakuwahi kukosea. Alikuwa kidato cha tatu, msichana pekee aliyechagua ufundi, na mikono yake ilikuwa na makovu ya patasi ambayo mama yake aliyatazama kwa huzuni.

Masika ya mwaka 1994 yalilichukua daraja la Lukange, magogo mawili yaliyolazwa tangu enzi za ushirika. Zamani ungeandika barua wilayani, ukangoja miaka mitatu, ukaletewa fundi mmoja na mfuko wa misumari. Sasa hata hicho kilikwisha. Mkubwa mmoja ofisini aliwaambia wajumbe wa kitongoji kwamba serikali imejitoa katika mambo madogo madogo. Wachangishane, wajenge wenyewe, ila walete mchoro wa mtaalamu ugongwe muhuri. Kwenye muhuri serikali ilikuwa haijajitoa.

Na daraja lilihitajika kuliko wakati wowote. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila Alhamisi Mwinjuma, mnunuzi kutoka Dar, alileta lori lake Kinole na kununua chochote kilichoota: ndizi, mananasi, mdalasini, pilipili manga. Aliyefika mapema aliuza. Watu wa Lukange, waliolazimika kuzunguka kwenye kivuko cha juu, walifika lori limeshafungwa turubai. Mwinjuma mwenyewe akaahidi saruji na misumari, mradi daraja liwe tayari kabla ya msimu wa mananasi. Mjomba Leonard, mkuu wa ukoo, kaka wa mama yao Stephano na Semeni, akatoa mikaratusi miwili aliyoipanda kwa mkono wake. Kilichobaki ni mtaalamu, na mtaalamu walikuwa naye, mtoto wao wenyewe.

Stephano alipanda Lukange Jumamosi moja na daftari. Akawakusanya watu uani kwa Mjomba Leonard, akawauliza kama alivyozoea kuwafundisha wengine waulize. Nani atapita? Akina mama, watoto wa shule, wachukuzi. Na nini? Mikungu ya ndizi, magunia, matenga ya mananasi. Mgonjwa je? Mgonjwa hubebwa kwenye machela, watu wanne. Akaandika. Kisha akauliza swali lake la kawaida.

"Haya, wazee wangu, kitu kizito kuliko vyote kitakachopita pale ni kipi?"

Bibi Yustina, aliyekuwa mkubwa wa umri kuliko wote pale, alifungua kinywa. Akawatazama wenzake, akakifunga, akaendelea kupura maharage yake. Watu wakatazama chini. Mjomba Leonard akacheka kidogo.

"Kitu kizito kuliko vyote ni Semeni na mkungu wake," akasema, na watu wote wakacheka kwa nafuu.

Semeni akajibu kwamba mjomba wake ana wivu kwa sababu hajui kulima. Maneno yakahamia kwingine. Stephano alikuwa mtoto wa pale; alijua vizuri bibi alitaka kusema nini na kwa nini hakusema. Hujengi nyumba ukapima mlango kwa jeneza. Hununui shuka jipya ukasema litafaa sanda. Huko ni kuchuria, kuyaita mabaya kwa mdomo, na mabaya hayahitaji kuitwa mara mbili. Kwa hiyo naye hakuandika, na mstari huo wa daftari ukabaki mtupu.

Mchoro wa daraja akaufanya kazi ya mradi ya kidato cha tatu. Wazo hilo lilikuwa zuri, na simnyimi sifa yake. Wanafunzi walitengeneza vielelezo vya fito na gundi, wakavining'inizia mawe mpaka vikavunjika, wakachunguza kila kimoja kimevunjikia wapi na kwa nguvu ipi. Kielelezo cha Janeth kilibeba mawe mengi kuliko vyote: magogo mawili ya kulaza, na chini yake nguzo za mshazari zinazosimama kwenye kingo za mawe na kuyashika magogo katikati, zimefungwa kwa bolti. Ndicho kilichochaguliwa. Siku ya mwisho Stephano aliandika ubaoni orodha ya mizigo, akauliza kama kuna kilichosahaulika.

Janeth akanyoosha mkono. "Mwalimu, na jeneza je?"

Wanafunzi wakageukiana.

"Kwetu jeneza hubebwa na watu wengi," akaendelea, maana alidhani hakueleweka. "Wanasongamana. Halafu wanapokezana, na wakipokezana wote wanahamia upande mmoja. Uzito hautakuwa katikati, utakuwa..." Akafanya kwa mikono yake kama mtu anayekamua shuka.

Ndivyo alivyofundishwa. Kila neno alilosema lilikuwa lile lile la mwalimu wake, na lilikuwa sahihi kuliko orodha nzima ya ubaoni. Lakini aliyesimama mbele yake saa ile hakuwa mwalimu. Alikuwa mtoto wa Lukange.

"Janeth! Daraja halijalazwa hata mti mmoja, wewe umeshaanza kulipitishia maiti? Usituchurie!"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Janeth akakaa. Stephano akapiga mstari chini ya orodha, akakokotoa kwa watu sita wenye mizigo, mmoja nyuma ya mwingine, na akaongeza kidogo kwa usalama kama vitabu vinavyotaka. Kila nguzo ya mshazari ikapata bolti mbili. Bolti alizipata kwenye vyuma chakavu vya kiwanda chake cha zamani, akazichagua moja moja, akazipaka mafuta. Zilikuwa bolti nzuri. Kama angetaka nne kila nguzo angezipata, zilikuwa zimejaa ndoo.

Daraja lilijengwa wiki tano. Wanaume walishika zamu, akina mama walisomba mawe, Mwinjuma akaleta saruji kama alivyoahidi, na siku ya kulizindua padri alilinyunyizia maji ya baraka. Kwenye nguzo ya kuingilia Stephano alipigilia kibao alichokiandika kwa rangi nyekundu: WATU SITA KWA SAFARI MOJA. Kisha wakarudi uani kwa Mjomba Leonard kunywa pombe, na kwa furaha ya siku ile, na kwa kutaka kuchekesha, akawasimulia wazee jinsi mpwa wake alivyouliza habari ya jeneza darasani. Wazee walicheka kidogo, si sana. Semeni akatema mate pembeni. "Mwanangu huyu ana mdomo," akasema. Janeth alikuwa anagawa vikombe. Alisikia.

Miezi saba daraja lilifanya kazi yake. Semeni aliwahi lori kila Alhamisi. Aliweza kushuka mara mbili kwa siku, akaezeka bati upande mmoja wa nyumba, akamnunulia Janeth viatu vya shule ambavyo havikuwa vya mtumba. Kibao kiliheshimiwa, watu walingojana kingoni, hata kukawa na utani kwamba fulani na mkungu wake wahesabiwe wawili. Stephano alipopanda kuwasalimu alipishwa njia na kuitwa injinia. Usiseme hakupenda.

Aprili mwaka uliofuata Mjomba Leonard aliugua siku tatu, akafariki.

Alikuwa mkuu wa ukoo kwa miaka thelathini, na watu walitoka milima yote: Kinole, Tegetero, mpaka Mlali upande wa pili. Stephano na Janeth walifika mchana wa siku ya pili. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima na mto ulikuwa mwekundu. Makaburi ya kanisa yako upande wa Kinole, na kivuko cha juu hakipitiki na jeneza, kwa hiyo njia ilikuwa moja tu.

Jeneza la mtu mkubwa, likishainuliwa nyumbani, haliwekwi chini mpaka kaburini. Kila mwanaume aliyemheshimu marehemu sharti aliweke begani japo hatua kumi, kisha mwenzake anapokea, na anayebaki bila kuligusa atasemwa mwaka mzima. Mpwa mrithi hushika mbele, kulia, na yeye hapokewi. Mrithi alikuwa Stephano. Nyuma ya jeneza walifuata wapwa wa kike, wa kwanza Semeni, amebeba mkeka uliokunjwa wa kumlaza mjomba wake.

Waliteremka kwa wimbo, wameshikana, wanatelezea tope. Walipokata kona ya mwisho wakamkuta Janeth darajani. Alikuwa amekata njia ya mkato shambani, khanga yake imelowa mpaka magotini, na alikuwa amesimama mlangoni pa daraja, chini ya kibao, amenyoosha mikono yote miwili.

"Wabebaji sita tu!" alipaza sauti. "Wengine wangojeni! Nimewahesabu, mnaokuja na jeneza mko zaidi ya arobaini!"

Wimbo ukakatika. Watu wa nyuma wakazidi kusukuma, hawaoni kuna nini.

"Mtoto wa nani huyu anayemfungia maiti njia?" akauliza mzee mmoja wa Mlali.

"Anahesabu watu msibani!" akasema mwingine, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona nyoka.

"Mjomba," Janeth akasema, na sasa alikuwa anamtazama Stephano peke yake. "Waambie. Wewe unajua. Waambie."

Alijua. Hilo nataka lieleweke, maana baadaye alijaribu kujisahaulisha. Hata kabla ya kona alikuwa ameshaanza kukokotoa kichwani: kilo sitini kila mtu, mara arobaini, na jeneza, na mvua iliyolowesha mbao. Alikuwa na bega moja chini ya jeneza la mjomba wake na macho ya milima yote yakimtazama, nao walikuwa wanangoja kuona mrithi ni mtu wa namna gani. Kusema neno moja, "Ngojeni," kungemgharimu nini? Aibu ya nusu saa. Wangemsema wiki mbili. Msomi, wangesema, amemsimamisha marehemu njiani kwa ajili ya hesabu.

"Janeth," akasema. "Toka njiani."

Msichana hakubisha. Alishusha mikono, akasogea pembeni kwenye majani, wakapita.

Tumezoea kuwaambia watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile waliovunjika ni waliosikia.

Stephano alikuwa amebakiza hatua tatu afike ng'ambo pale mtu mmoja katikati alipoita, "Pokea!" Wale wa kushoto wakaingiza mabega, wale wa kulia wakawasukuma wawapishe, na msongamano mzima ukahamia upande wa kushoto kwa pamoja. Aliisikia mbao chini ya nyayo zake ikilalia upande. Ukafuata mlio mfupi, mkavu, wa chuma si wa mti, na mara moja wa pili. Alikanyaga jiwe la kingo. Jeneza likachomoka begani mwake kama mtu aliyevutwa, na alipogeuka nyuma hakukuwa na mtu.

Watu kumi na tisa waliumia. Wawili walikufa: Godfrey, kijana wa Tegetero aliyekuwa ametoka tu kupokea, na Semeni. Walimkuta chini ya gogo la mkaratusi, mkeka ukiwa bado kwapani. Jeneza lilipatikana kwenye mwamba kona ya pili, halikufunguka. Kesho yake waliwazika Mjomba Leonard na Semeni upande ule ule wa Lukange, shambani, kwa kuwa makaburi ya kanisa hayakuwa na njia ya jeneza tena. Stephano, aliyerudi kwa kuzunguka kwenye kivuko cha juu, alikuwa na mkwaruzo mmoja kwenye kiwiko.

Asubuhi baada ya maziko aliteremka peke yake mtoni. Magogo yote mawili yalikuwa yamelala kwenye mawe, mazima, hayana hata ufa. Nguzo za mshazari nazo nzima. Akatafuta kwenye matope, akaipata bolti moja, akaifuta kwa shati. Ilikuwa imekatika sawasawa, bapa, inang'aa. Msokoto umeyageuza magogo, nguzo ikavutwa pembeni, bolti mbili zikabeba kazi ya nne, zikakatwa. Hakuhitaji kalamu wala karatasi, jibu lilikuwa kiganjani. Akalia pale kwa sauti, nami simwonei haya kwa kilio kile, kilikuwa cha kweli.

Lakini watu nao waliteremka kutazama, na walichokiona wao ni kingine. Waliona miti mizima.

"Kama ni uzito, miti ingevunjika," walisema, na ukiwa hujui bolti ni nini huwezi kuwabishia. "Miti haikuvunjika. Daraja limegeuka lenyewe, limewamwaga." Na kitu kinachogeuka chenyewe kimegeuzwa. Na nani? Hapo hawakuhitaji mganga. Kulikuwa na mtu aliyelitajia jeneza daraja hili kabla halijajengwa. Mjomba wake mwenyewe aliwasimulia akicheka. Kulikuwa na mtu aliyesimama mlangoni pake akawahesabu watu kwa mdomo, wakiwa hai. Alikuwa mtu yule yule. Kwamba mama yake amekufa humo haikumpunguzia kitu. Bali ilizidi kuwathibitishia, maana mdomo mbaya huanza kula nyumbani.

Janeth alikaa siku zote za matanga ndani ya nyumba ya mama yake, upande wa bati. Akina mama walimpa chakula, lakini walikiweka mlangoni. Bibi Yustina peke yake aliingia na kuketi naye, na yeye pia hakusema kitu, labda kwa sababu alikumbuka kinywa chake mwenyewe. Stephano alipita mlangoni mara kadhaa. Mara moja aliingia, akakuta msichana amekaa chini, amekumbatia magoti.

"Ni bolti, Mjomba?" akauliza.

"Ni bolti," akajibu.

"Utawaambia?"

"Matanga yakiisha," akasema. "Sasa hivi wana uchungu."

Matanga yakaisha siku ya kumi. Ukoo uliketi uani, Stephano akavishwa shuka la Mjomba Leonard, akakalishwa kwenye kigoda chake, akapewa jina lake. Wazee walimshika mikono mmoja mmoja. Hakuna aliyemlaumu. Hakuna hata aliyewaza kumlaumu. Alijenga daraja zuri, miti mizima ile pale mtoni ilikuwa shahidi. Kisha mzee wa Mlali akakohoa, akasema limebaki jambo moja dogo, la yule mtoto. Wapo wanaosema afukuzwe, asikanyage tena ardhi ya ukoo, shamba la mama yake apewe mwingine. Wapo wanaosema ni mdogo. Mkuu wa ukoo ndiye atakayesema.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Bolti ilikuwa mfukoni mwa suruali yake, ndani ya shuka la mjomba. Angeitoa, akawaonyesha. Angewaambia: hizi zilitakiwa ziwe nne kila nguzo, mimi niliweka mbili, mtoto huyu aliniambia darasani nikamkemea, akaniambia mtoni nikamwondoa. Angewafundisha msokoto kwa shuka lile lile alilovaa, na yeye alikuwa mwalimu hodari, wangemwelewa. Lakini wakielewa, basi aliyemuua Semeni ni nani? Na Godfrey? Na mzee gani wa milima mingine angekubali kuongozwa na mtu huyo? Akaona njia ya katikati, na njia ya katikati ndiyo waoga wote huiita hekima.

"Ni mtoto, na ni yatima," akasema. "Asifukuzwe. Aombe radhi mbele ya ukoo, yaishe."

Wazee wakanung'unika kwa kuridhika. Alijiambia moyoni kwamba amemwokoa. Amemwokolea shamba, amemwokolea nyumba, na radhi ni neno tu, halimchubui mtu.

Janeth akaitwa. Alikuja na khanga nyeusi, akapiga magoti katikati ya ua, kichwa chini. Wakamwambia aseme. Akasema kwa sauti ya mtu anayesoma jibu ubaoni:

"Wazee wangu, naomba mnisamehe. Niliona watu watakuwa wengi kuliko daraja, nikasema darasani. Niliona mmekuwa wengi kuliko daraja, nikasema mtoni. Mama yangu alikuwa nyuma ya jeneza. Nisameheni kwa kusema."

Aliinua uso, si kwa wazee, kwa Stephano. Hakumwita Mjomba wala Mwalimu. Akangoja. Ule ulikuwa mlango wa mwisho, na ulikuwa wazi kabisa, na kila aliyekuwa uani pale alimtazama mkuu wa ukoo.

"Umesamehewa," Stephano akasema.

"Mtoto ana adabu," akasema mzee wa Mlali. "Amefundishwa vizuri."

Wakashusha mtungi wa pombe. Kata ya kwanza, kama ilivyo desturi, ikaletwa kwa mkuu mpya. Stephano akaipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini, na ukoo wote ukampigia makofi.